Mtoto kipanga apelekwe shule ya vipaji? Maswali ambayo wazazi wa Tabora hawachoki kuniuliza

Nimefundisha darasa la sita na la saba hapa Tabora mjini kwa miaka 23. Kila mwaka, kuanzia Septemba mtihani ukiisha hadi Januari shule zikifunguliwa, nasimamishwa sokoni, msibani, hata kwenye foleni ya maji. "Shikamoo mwalimu, hivi huyu wangu…" Maswali ni yaleyale, nikaona niyaandike. Majibu mengine ni ya kanuni na mengine ni maoni yangu. Utayatofautisha mwenyewe.

## Mambo ya mwanzo

1. Shule za vipaji maalum ni zipi hasa?

Kwa sekondari za serikali ni 7. Za wavulana ni Ilboru (Arusha), Kibaha (Pwani), Mzumbe (Morogoro) na Tabora Boys. Za wasichana ni Kilakala (Morogoro), Msalato (Dodoma) na Tabora Girls. Mji wetu una mbili kati ya hizo, ndiyo maana wazazi wa Kiloleni na Ng'ambo huziona kama shule za jirani. Si za jirani. Zinapokea watoto kutoka nchi nzima, na mtoto wa Isevya anaweza kupangiwa Ilboru huku wa Arusha akiletwa hapa.

Jina lenyewe linapotosha kidogo. Hakuna anayepima kipaji cha kuimba, kuchora wala kufunga mabao. Kinachotazamwa ni alama za darasani.

2. Mtoto anachaguliwaje? Naweza kumwombea nafasi?

Huwezi. Hakuna fomu ya mzazi, hakuna usaili, na anayekuambia ana mtu wake Dodoma wa kumwingiza mwanao anataka hela yako. Mtoto anafanya mtihani wa darasa la saba: masomo 6, kila somo alama 50, jumla 300. Baraza la Mitihani (NECTA) wanasahihisha, wizara ya serikali za mitaa (TAMISEMI) wanapanga shule. Daraja A ni kuanzia 241, lakini A peke yake haitoshi. Wanaochukuliwa ni wa juu kabisa, na mstari unapanda na kushuka kila mwaka kulingana na ufaulu na nafasi. Kwa hiyo ukiniuliza "akipata 260 ataenda?", sitakujibu, na asikujibu mtu mwingine yeyote.

Shule binafsi na seminari ni habari nyingine. Hizo zina fomu, usaili na ada, na nyingi zinafanya usaili kabla matokeo hayajatoka.

3. Nitajuaje kama wangu ni kipanga kweli au ana bidii tu?

Mzazi, hilo swali huwa linanichosha kidogo, kwa sababu anayeuliza huwa tayari ana jibu lake. Lakini tulizungumze.

Nilikuwa na mvulana wa darasa la sita ambaye alikuwa anamaliza hesabu ya tatu kabla sijaandika ya nne ubaoni. Halafu anaanza vurugu: anamchoma jirani kwa bikari, anachonga tairi za gari la waya kwa ndala chini ya dawati. Daftari lake lilikuwa chafu na mwandiko kama kuku amepita. Walimu wenzangu walimweka kundi la watukutu. Jirani yake, mtoto safi, anayenyoosha mkono na kupiga mistari kwa rula, ndiye aliyeitwa kipanga. Mtihani ulipokuja walitofautiana alama chache tu, na kila mmoja alihitaji kitu tofauti na mwenzake.

Dalili ninazoziamini ni hizi: anauliza swali ambalo limo nje ya somo lakini linalihusu, anapata jibu kwa njia ambayo hukumfundisha, na anakasirika akirudishwa kufanya jambo alilokwisha kulielewa. Kukariri kurasa nzima si dalili. Kusoma mapema sana ni dalili dhaifu, maana mara nyingi inaonyesha tu kwamba nyumbani kuna vitabu na dada mkubwa.

4. Ina maana mwalimu anaweza asimwone mtoto mwenye akili?

Anaweza, na mimi nimefanya hivyo. Nilimpokea binti kutoka kijiji kimoja cha Uyui, darasa la sita, hesabu 14 kati ya 50. Mkimya. Nikamweka mwisho. Siku moja baba yake alikuja kulipa mchango, katika mazungumzo akaniambia kwamba msimu wa soko la tumbaku ni yeye huyo binti anayesimama naye penye mzani. Kila belo lina uzito wake, kila daraja la jani lina bei yake, karani anasoma haraka, na mtoto anajumlisha kichwani. Mwaka uliopita alimkamata karani kwa kilo 11. Nilirudi darasani nikamwuliza maswali yaleyale ya mtihani, ila kwa mdomo na kwa kilo za tumbaku. Alijibu yote. Kilichomshinda ni kusoma swali lenyewe, kwa sababu alikuwa amekosa shule misimu mizima akiwa shambani.

Hili halitokei Tabora peke yake. Katika jimbo la Florida, Marekani, wilaya ya Broward ilikuwa inategemea walimu na wazazi kupendekeza watoto wa kuingia madarasa ya vipanga. Mwaka 2005 wakaanza kuwapima watoto wote wa darasa la pili. Idadi ya watoto maskini, weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini walioonekana wanafaa ikapanda sana. Walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyekuwa amewataja.

Na kipimo nacho kinakosea. Mwanasaikolojia Lewis Terman wa California alianza mwaka 1921 kuwachagua watoto zaidi ya 1,500 kwa alama za akili, akawafuatilia hadi utu uzima. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa wadogo wakaachwa nje. Wote wawili walikuja kupata Nobeli ya fizikia, mmoja mwaka 1956, mwingine 1968.

## Je, inasaidia?

5. Akienda huko atafaulu zaidi kuliko akibaki?

Hapa ndipo wazazi hunitajia kwamba chanda chema huvikwa pete. Sawa, lakini shule si pete. Ukimpeleka mtoto shule kama zawadi ya kufaulu, utakuwa umejibu swali la jana. Swali la leo ni moja: hapa alipo, anakosa nini? Kama anakosa mwalimu wa fizikia, maabara, taa ya kusomea, usalama wa njiani au wenzake wa kubishana nao kuhusu hesabu, na huko vipo, mpeleke. Kama hakosi kitu zaidi ya sifa ya jina la shule, tulia kwanza.

Watu huonyesha matokeo: "Tazama, wote wanapata divisheni wani." Wanapata, ndiyo. Lakini waliingia wakiwa tayari ni wa kwanza. Ukijaza gunia kwa karanga zilizochambuliwa, usimsifu gunia.

Huko Kenya hili limepimwa vizuri. Mwaka 2014 Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha utafiti kuhusu zile shule za kitaifa za Kenya zinazogombaniwa kama za kwetu. Waliwalinganisha watoto walioingia kwa alama chache tu juu ya mstari na walioukosa kwa alama chache tu. Miaka minne baadaye, matokeo ya kidato cha nne hayakuwa na tofauti ya maana. Boston na New York nako walipima shule za namna hiyo wakakuta karibu jambo lilelile.

Angalia lakini utafiti huo unasema nini na nini hausemi. Unazungumzia watoto wa pale mstarini, ambao hata wakikosa huangukia shule nyingine isiyo mbaya. Hauzungumzii mtoto wa Sikonge ambaye akikosa atatembea kilomita 9 kwenda shule ya kata isiyo na mwalimu wa hesabu. Kwake yeye tofauti inaweza kuwa kubwa mno. Ndiyo maana nakwambia uanze na kile anachokosa.

6. Alikuwa wa kwanza kila mara. Huko kawa wa 61. Nimtoe?

Hili limenikuta nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili alichaguliwa, tukamsindikiza na tranka jipya lenye jina lake kwa rangi nyeupe, mtaa mzima ukajua. Juni alirudi likizo. Ripoti akasema imebaki shuleni. Siku ya nne nikiwa nafua nguo zake nikaikuta ndani ya soksi, imekunjwa ikawa ndogo kama kiberiti. Wa 61 kati ya 84. Pembeni mwalimu mmoja alikuwa ameandika: "Hujui kilichokuleta." Mtoto wa miaka 13. Sijaisahau ile sentensi, na yeye hajaisahau.

Mtaalamu Herbert Marsh alianza kuliandikia jambo hili miaka ya 1980: mtoto hajipimi kwa taifa, anajipima kwa walioketi naye. Mweke mwenye alama 80 kati ya wenye 60, atajiona ana akili. Mweke kati ya wenye 90, atajiona kilaza, ingawa alama zake hazijapungua hata moja. Na anayejiona kilaza huacha kunyoosha mkono.

Usimtoe kwa sababu ya namba. Soma alama, usisome nafasi. Kama alama za hesabu zimebaki 70 na kitu, hajapotea, amekutana na wenzake tu. Mweleze hivyo kabla hajaondoka nyumbani mara ya kwanza, maana akishafika huko maneno yako atayasikia kama pole. Mpe muhula mmoja hadi mwaka. Wa kwangu alitulia kidato cha pili, si kwa sababu alipanda sana (alifika wa 40) bali alipata rafiki aliyekuwa anapenda redio mbovu kama yeye.

Mtoe au omba uhamisho ukiona haya: halali, haongei, anaumwa tumbo kila siku ya kurudi shule, au anasema hataki kuwapo. Hapo usisubiri ripoti.

7. Vipanga wakiondolewa wote, wanaobaki inakuwaje?

Kama mwalimu aliyebaki na wanaobaki, nina kinyongo changu, nakiri. Darasa likipoteza watano wa mbele, linapoteza pia wale waliokuwa wanawaelekeza wenzao wakati mimi nikisahihisha madaftari 110.

Ila kuna upande ambao sikuutarajia. Magharibi mwa Kenya, watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 121. Katika nusu yake darasa la kwanza liligawanywa mikondo miwili kwa uwezo, kwingine watoto wakachanganywa kwa bahati nasibu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011: kwenye shule zilizogawa kwa uwezo, wa juu walipanda, na wa chini nao walipanda. Maelezo yao ni kwamba mwalimu aliweza hatimaye kufundisha kile watoto walio mbele yake walikuwa tayari kukipokea, badala ya kuwafundisha watatu wa mbele na kuwaacha wengine wakikodoa macho.

Lakini wale waligawanywa ndani ya shule moja, chini ya mti uleule, na wakati wa mapumziko walicheza pamoja. Kumhamishia mtoto mkoa mwingine ni jambo jingine. Kuhusu mikondo ya kwetu nenda swali la 13.

8. Huu si ubaguzi tu? Mwalimu Nyerere angekubali?

Mwalimu Nyerere mwenyewe aliingia shule ya Tabora mwaka 1937. Shule hiyo Waingereza waliianzisha miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, na yeye alikuwa mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki. Baadaye, kati ya Makerere na Edinburgh, alirudi mjini hapa kufundisha St. Mary's. Mwaka 1967, akiwa Rais, aliandika kuhusu elimu ya kujitegemea akilalamikia shule zinazowafanya wachache wajione wako juu ya wazazi wao. Basi mtu huyohuyo alipita mlango huo na akaona hatari yake.

Zamani mlango ulifunguliwa na ukoo, leo unafunguliwa na alama. Ni hatua. Ila alama nazo zina ukoo wake: tuisheni, umeme, kifungua kinywa. Wanaotoka shule za msingi za kulipia wanafika mtihanini wakiwa wamefanya majaribio mengi kuliko wetu. Sioni kwamba hilo ni sababu ya kumzuia mtoto wa maskini aliyechaguliwa. Ndiye hasa wa kusindikizwa hadi stendi.

## Fedha, bweni na lugha

9. Elimu si bure? Kwa nini naambiwa niandae hela?

Ada ya shule za serikali iliondolewa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Chakula cha bweni serikali inalipia. Kinachobaki kwako ni vile vilivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga: sare, godoro, shuka, chandarua, ndoo, tranka na kufuli, viatu vyeusi, madaftari, rimu, pengine jembe au fagio, halafu nauli ya kwenda na kurudi mara mbili kwa mwaka. Isome fomu yote kabla ya kununua. Nimeona mzazi kanunua godoro la futi 4 wakati kitanda ni cha futi 2 na nusu.

Tatizo la huku kwetu ni kalenda. Januari mkulima wa tumbaku hana hata mia, yuko shambani, na hela itakuja soko likifunguliwa baada ya mavuno. Anza kununua mwaka mmoja kabla, kitu kimoja kimoja, mtoto akiwa darasa la saba. Hata asipochaguliwa, ndoo haiozi.

Ukikwama, nenda mapema kwa mtendaji wa kata na kwa Afisa Elimu ukiwa na barua ya kuchaguliwa. Misikiti, makanisa na vyama vya msingi vya wakulima vimewahi kuwachangia watoto wa hapa. Wanachotaka kuona ni orodha yenye bei, usiende na machozi peke yake.

10. Ana miaka 12. Si mdogo kulala bweni?

Wengine ndiyo, wengine hapana. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne isipokuwa kwa kibali, kwa hiyo hata serikali inakubali kwamba umri una maana. Wa kidato cha kwanza yumo katikati.

Mjaribu nyumbani kwa mwezi mzima: afue nguo zake, aamke mwenyewe, atunze hela ya wiki, aseme anapoumwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Mtoto anayeficha homa bwenini ni hatari zaidi kuliko anayelia usiku. Hakikisha anajua jina la matroni au patroni wiki ya kwanza, na wewe uwe na namba yake, kwa kuwa simu za wanafunzi haziruhusiwi.

11. Amesoma kwa Kiswahili. Ataweza masomo ya Kiingereza pale?

Miezi sita ya kwanza atateseka, mweleze hivyo. Atakaa dawati moja na mtoto aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, atadhani mwenzake ana akili zaidi, kumbe ana maneno zaidi. Kati ya Septemba na Januari usimwache achunge ng'ombe tu. Kozi za kujiandaa na kidato cha kwanza zipo kila mtaa, nyingine nzuri, nyingine ni kuimba nyakati za vitenzi. Bora zaidi tafuta vitabu vya kidato cha kwanza vya baiolojia na jiografia, asome ukurasa mmoja kwa siku na kuusimulia kwa Kiswahili.

## Kabla ya darasa la saba

12. Yuko darasa la tatu, anawazidi wenzake. Nimhamishie shule ya Kiingereza ya kulipia?

Kama uwezo upo na darasa lina watoto 35 badala ya 110, sababu ni hiyo idadi, na ni sababu nzuri. Kama sababu ni basi la njano, hifadhi hela yako. Nenda ukae nyuma ya darasa nusu saa kabla ya kulipa. Wakikukatalia, umeshapata jibu.

13. Shule yetu inaweka vipanga wote mkondo wa A. Ni vizuri?

Inategemea mwalimu yupi kapewa mkondo gani. Nimeona shule ikiwapa A walimu bora, madawati yote na madirisha yenye vioo, na C ikapewa mwalimu aliyehamia jana. Huko si kugawa kwa uwezo, ni kutupa watoto. Utafiti niliouelezea kwenye swali la 7 ulifanya kazi kwa sababu makundi yote mawili yalipata mwalimu wa kweli. Uliza pia kama kuna kuhama: mtoto wa C akifanya vizuri muhula huu, Januari anaingia A? Kama hakuna aliyewahi kuhama, basi ule mkondo ni kabila.

Na tafadhali, mzazi, usikubali neno "vilaza" litamkwe mbele ya watoto, hata kwa utani wa mwalimu.

14. Arushwe darasa?

Kwa mtoto aliyewazidi wenzake kwa mbali sana kuruka darasa kunaweza kumfaa kuliko watu wanavyohofia, ila kwetu kuna vizingiti. Taarifa za mwanafunzi husajiliwa kwa namba yake tangu msingi, na upimaji wa darasa la nne ni wa kitaifa. Kwa hiyo usikubali "tutamwingiza kimyakimya". Utakuja kulia siku ya usajili wa mtihani. Njia nyepesi ni kumwacha darasa lake na kumwombea asome hesabu na darasa la juu vipindi viwili kwa wiki. Nimefanya hivyo mara mbili. Aliyekuwa tayari alifurahi, asiyekuwa tayari alirudi mwenyewe wiki ya pili, hakuna aliyeaibika.

15. Mtaala mpya unabadilisha nini?

Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unafanya elimu ya msingi iwe miaka 6. Walioanza darasa la tatu mwaka huo watamaliza la sita 2027, mwaka uleule ambao waliokuwa mbele yao watamaliza la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Fikiria mwenyewe ushindani wa nafasi utakavyokuwa mwaka huo, na usimwekee mtoto wa 2027 matumaini yote kwenye kapu moja. Sekondari nayo ina mkondo wa jumla na wa amali, yaani wa ufundi na kazi za mikono. Yule mvulana wa tairi za ndala niliyemtaja swali la 3 leo ningemshauri mama yake aende kuutazama huo wa amali kwa macho yake.

## Aliyebaki shule ya kata

16. Amekosa kwa alama chache. Ndiyo basi tena?

Hapana. Mlango unafunguliwa tena baada ya kidato cha nne. Matokeo ya mtihani wa Novemba pamoja na machaguo aliyoyajaza kwenye selfomu (fomu ya kuchagua shule na masomo) ndiyo yanayompangia shule ya kidato cha tano na tahasusi, yaani kundi la masomo matatu, iwe PCM (fizikia, kemia na hesabu), PCB (fizikia, kemia na baiolojia), HGL (historia, jiografia na Kiingereza) au nyingine. Wengi walioko kidato cha tano kwenye hizo shule 7 walitoka shule za kata. Jambo moja: huwezi kusoma PCM kama shule ya kata haikuwa na fizikia au mtoto aliiacha kidato cha pili kwa sababu hapakuwa na mwalimu. Hapo ndipo pa kuweka hela ya tuisheni, somo moja lisilo na mwalimu, badala ya kulipia masomo yote ambayo anayaweza.

17. Nifanye nini nyumbani, mimi niliyeishia darasa la saba?

Mengi. Mpe kazi yenye hesabu ya kweli: bajeti ya shamba, vipimo vya asali, nauli za wiki. Mwache abishane nawe kwa heshima. Mtafutie mtu mmoja mkubwa anayejua anachokipenda, iwe fundi redio, nesi au karani wa reli, akae naye Jumamosi. Na mpunguzie kazi siku za mitihani, hasa binti, maana naona wavulana wanasoma huku dada zao wanachambua mlenda.

## Yasiyo ya kawaida

18. Nina mapacha, mmoja amechaguliwa, mwenzake hapana.

Hili ni gumu, na nimeliona mara moja tu. Wazazi wale walimzuia aliyechaguliwa "ili wasitengane". Miaka miwili baadaye wote wawili walikuwa na kisirani, mmoja kwa kunyimwa, mwingine kwa kuwa sababu. Ningemwacha aende, na fedha ileile iliyonunua tranka la mmoja impe aliyebaki kitu chake mwenyewe ambacho hakitokani na huruma.

19. Amechaguliwa, hataki kwenda.

Mwulize hataki nini. "Sitaki shule" na "sitaki kumwacha bibi peke yake" ni majibu mawili tofauti. Binti mmoja alikataa hadi tulipogundua alikuwa ndiye anayempima bibi yake sukari. Shangazi alipokubali kuhamia, akaenda. Akiwa na sababu yenye uzito na shule ya hapa inafundisha masomo anayoyahitaji, mwache abaki. Ila amueni kabla ya tarehe ya kuripoti, kwa sababu nafasi haikungojei.

20. Ndugu wanasema binti asipelekwe mbali.

Waulize kutoka nyumbani hadi shule ya kata ni umbali gani, na anarudi saa ngapi. Baba mmoja wa Kaliua alihesabu mbele ya kaka zake: saa mbili kwenda asubuhi, saa mbili kurudi jioni, njia inapita porini na kwenye vibanda vya bodaboda. Halafu akawauliza mbali ni wapi. Binti aliondoka na treni ya Jumatatu.

21. Mtoto wangu ana akili sana kwa mdomo, lakini kuandika hawezi. Au haoni vizuri. Anahesabika?

Anahesabika, na ndiye anayepotea kirahisi zaidi. Anza hospitali: macho na masikio. Nimewahi kumhamisha mtoto kutoka dawati la nyuma hadi la mbele, akapanda alama 20 kwa mwezi. Kama ni ulemavu unaojulikana, mwalimu mkuu aupeleke kwenye taarifa za usajili wa mtihani mapema, kwa sababu NECTA hutoa karatasi za maandishi makubwa, za nukta nundu na muda wa ziada kwa wanaostahili, lakini hawawezi kumpa wasiyemjua. Kwa yule anayegeuza herufi na kuruka mistari ingawa macho ni mazima, mpe mtihani kwa mdomo kama nilivyofanya na binti wa tumbaku, uandike alichojibu, na karatasi hiyo uende nayo kwa Afisa Elimu Maalum wa halmashauri. Nenda mwenyewe, asubuhi, siku ya kazi. Ukituma barua itakaa mezani.